Mgeni wa Shimo la Biogesi

Ngaramtoni, Jumapili 19 Januari 2025

Mwanangu Silantoi,

Ni matumaini yangu kwamba uko mzima na umevaa soksi, maana huo mji wako nimeuona kwenye picha na nimeuona ni wa upepo. Sisi hatujambo. Mdogo wako Allen anahudhuria mafundisho ya kipaimara na anakula kama mtu anayejiandaa kwa vita. Ng'ombe wote wawili wanakamuliwa vizuri. Baba yako yuko Serengeti anawapikia wageni, akirudi atakaa kidogo tu, kisha anapanda Meru na kundi lingine. Unajua maisha yake.

Nimeamua tuandikiane barua hizi ndefu kwa sababu ukipiga simu unalia, na mimi nalia, mtandao unakatika na hakuna aliyesema kitu. Naandika kwa kidole kimoja, kwa hiyo uzisome taratibu kama ninavyoziandika.

Sasa sikiliza. Nimechoka na kuni, nikasema mwaka huu lazima nipikie biogesi. Fundi Ezra akaja kuchimba shimo nyuma ya zizi. Alipofika kiunoni akaanza kutoa vipande vya vyungu. Nikamwambia avitupe pembeni na migomba. Alipofika kifuani akatoa bakuli la jiwe, zito kama dhambi, na jiwe la kusagia. Nikasema haya, vyombo, vitatufaa. Kisha akanyamaza. Ezra huwa hanyamazi, anaimba tangu asubuhi mpaka jioni. Nikaenda kuchungulia, nikamkuta ameganda, anatazamana na fuvu la mtu.

Alitoka humo bila ngazi. Mpaka leo hatujui alipanda wapi.

Ulipoondoka nilikusema sana. Nilisema umesoma miaka yote ile ili ukapanguse vyungu vya watu waliokufa. Sasa vyungu ninavyo, na aliyekufa yupo. Niambie nifanye nini. Saruji iko stoo, na masika haitanisubiri.

Ni mimi,
Yeyo wako


Montesarvo, Sisilia, 20 Januari 2025

Yeyo wangu mpendwa,

Shikamoo. Nimevaa soksi, jozi mbili. Mimi mzima, baridi tu. Msalimie Allen, na Baba akipata mtandao mwambie nimepika wali wake wa nazi kwa wenzangu kazini na wameuliza mapishi.

Yeyo, barua yako nimeisoma mara tatu nikiwa nimesimama. Tafadhali usitie saruji. Usitoe kitu kingine. Vile vipande vya pale kwenye migomba viokote, viweke kwenye ndoo safi, andika vilikotoka. Bakuli usilioshe kabisa, hata kwa maji, kwa sababu ndani yake panaweza kuwa na mabaki ya chakula cha zamani. Funika shimo kwa turubai, weka miti pembeni ng'ombe asitumbukie. Kisha nenda ofisi ya mambo ya kale mjini ukatoe taarifa. Ni sheria, na pia ni usalama wako.

Mambo haya si ya kuogopa. Hapa Montesarvo mtu akichimba msingi wa jiko anakutana na babu wa babu yake. Mji wote umekaa juu ya miji mingine iliyokufa. Makumbusho yetu ni nyumba ya zamani ya watawa, vyumba vichache vyenye vyungu, sarafu na taa za udongo, na katika chumba cha mwisho kuna mwanamke mmoja ndani ya kioo. Walimkuta walipokuwa wanatengeneza maegesho ya magari. Amelala ubavu, magoti yamekunjwa. Watoto wa shule wakija wote wanakwenda kwake kwanza.

Ombi langu kubwa: baba mdogo Frederick asijue.

Mwanao akupendaye,
Silantoi


Ngaramtoni, Jumapili 26 Januari 2025

Silantoi mwanangu,

Salamu zako zimefika na zimepokelewa. Allen mzima. Ng'ombe mmoja alivimba tumbo ila amepona.

Bakuli nilikuwa nimeshaliosha. Kwa sabuni ya unga na mchanga. Linang'aa. Sitaki kusikia neno juu ya hilo.

Baba yako mdogo Frederick alijua kabla yako. Ezra alipotoka shimoni alikimbilia dukani kwake kununua soda ya kutuliza moyo, na soda moja kwa Frederick inanunua habari zote. Jioni hiyo hiyo alikuwa amesimama uani kwangu, mikono nyuma kama mkuu wa wilaya, akisema hii ni mali ya Wajerumani. Eti walipokuwa wanakimbia vita walizika masanduku ya dhahabu, wakaua mtu mmoja wakamweka juu awe mlinzi. Nikamuuliza kwa nini Mjerumani azike dhahabu na jiwe la kusagia. Akasema hiyo ndiyo hila yenyewe.

Kesho yake akaja na kijana wa kule Kimandolu mwenye mashine ya kutafuta madini. Ikalia kwenye misumari ya zizi. Ikalia kwenye mfuniko wa sufuria yangu uliopotea mwaka juzi, ambao nashukuru nimeupata. Ikamlilia Frederick mwenyewe, kiunoni, penye mkanda. Shimoni haikulia hata kidogo. Frederick akasema Wajerumani walikuwa na dhahabu isiyolia.

Basi watu wakaanza kuja. Mchungaji alikuja akasema binadamu hawezi kulala penye mbolea, tumzike makaburi ya kanisa, ila kwanza angependa kujua kama kuna dalili yoyote kwamba alibatizwa. Nikamwambia hatujakuta cheti. Mzee Lemomo naye akaja na fimbo yake, akasema aliyelala hasumbuliwi, na kwamba huyo si wa ukoo wake, kwa hiyo asilaumiwe mtu wa ukoo wake. Kila ukoo umepita hapa kusema si wao. Maskini, sijawahi kuona mtu akikanwa na wengi hivyo kwa siku moja.

Kwa hiyo nimekaa naye mimi. Nimeweka kigoda karibu na turubai ninapochambua mboga, ili nifukuze watu na kuku. Ni mwanamke, hilo nina hakika. Ni mdogo wa mifupa, ana shanga shingoni, na amezikwa na bakuli na jiwe la kusagia. Mwanamume gani anazikwa na vyombo vya jikoni? Asubuhi nikipita na ndoo ya maziwa nasema, "Takwenya, koko," kama ninavyomwamkia bibi yeyote wa hapa kwetu. Haitikii, lakini kupita kimya nimeona ni utovu wa adabu.

Huyo wako wa kwenye kioo, nani anamsalimia?

Kuhusu ofisi: nitakwenda, lakini baada ya kipaimara cha Allen tarehe 23 Februari. Ua wote nauhitaji kwa maturubai na viti. Wakija sasa watanizungushia kamba na wageni wangu watakula wapi? Bibi amengoja muda wote huo, mwezi mmoja hatakasirika. Wewe nyamaza tu mpaka nikuambie.

Yeyo wako


Montesarvo, 29 Januari 2025

Yeyo,

Shikamoo. Nashukuru ng'ombe amepona. Juu ya bakuli sisemi neno. Nimeuma kitambaa.

Swali lako lilinishika siku nzima. Hakuna aliyekuwa anamsalimia. Basi jana nikifungua chumba nikasema, "Takwenya." Mama Nunzia, mlinzi wetu, mwanamke mnene mwenye funguo nyingi kuliko milango, akaniuliza naongea na nani. Nikamweleza. Akacheka mpaka akakaa chini. Leo asubuhi nimemsikia mwenyewe kule ndani akisema "Buongiorno, signora," kisha akamlalamikia kuhusu magoti.

Na usidhani Frederick yuko peke yake. Hapa kila kijiji kina hadithi ya hazina iliyozikwa na roho ya mtu aliyeuawa ailinde. Wapo wanaochimba makaburi ya kale kwa siri na kuuza vitu, na kinachobaki ni mashimo na mifupa iliyotupwa. Ndiyo maana naogopa. Kijana mmoja mwenye mashine amekuja, atakuja mwingine bila mashine, na sururu. Mwezi mmoja ni mrefu, Yeyo. Nakuomba ufikiri tena.

Nitajaribu kuvumilia.

Mwanao,
Silantoi


Ngaramtoni, 24 Februari 2025

Kwa Silantoi,

Habari za huko. Huku ni wazima.

Jana ilikuwa kipaimara cha mdogo wako. Wageni walikuwa wameshakaa, ndafu iko mezani na majani mdomoni, kwaya imeanza wimbo wa pili. Likaingia gari la serikali. Wakashuka watu wanne na mwanamke mmoja mwenye kofia, wakiuliza nyumba ya mama mwenye mifupa.

Mshereheshaji, kwa kuwa aliona namba za gari, akatangaza kwamba serikali yetu sikivu imekuja kumpongeza Allen. Watu wakasimama, wakapiga makofi. Wale watu wakakaribishwa meza ya mbele. Ikaitwa zamu ya zawadi, wakaitwa wa kwanza, ikabidi waje wakicheza mpaka kwa Allen. Mmoja alimpa kalamu yake. Mwingine alimpa mita ya kupimia, na baadaye akarudi kumwomba amwazime.

Kisha wakafunga utepe mwekundu kuanzia zizini hadi kwenye mpera. Kwaya yote ya kina mama ilikuwa upande wa ndani wa utepe. Wakaambiwa wasisogeze miguu wasije wakakanyaga kitu. Walikula ndafu wakiwa wamesimama kama mahindi.

Niliuliza ni nani aliyetoa taarifa. Yule mwanamke akasema taarifa ilitoka Ulaya, kwenye makumbusho ya mji fulani wa mlimani.

Nilikuambia unyamaze mpaka nikuambie.

Bi. Sinyati Sakaya


Montesarvo, 25 Februari 2025

Yeyo,

Shikamoo. Najua huenda usiitikie.

Nilimweleza mkuu wangu wa kazi kama mtu anavyosimulia habari za nyumbani. Akashtuka, akasema anamfahamu mtafiti mmoja Arusha, Dokta Harleen, amwandikie. Sikumkataza. Hapo ndipo nilipokosea, maana ningeweza kusema mama yangu ameomba mwezi mmoja. Nilijua kwamba ningekuuliza ungekataa, kwa hiyo sikukuuliza. Nilijiambia nalinda mifupa.

Nisamehe. Mwambie Allen naye anisamehe.

Nimeona jina lako kamili pale chini nikahisi nimepokea barua kutoka benki.

Mwanao bado,
Silantoi


Montesarvo, Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili 2025

Yeyo wangu,

Shikamoo, na heri ya Pasaka. Natumaini mvua inanyesha kwa adabu na paa la zizi halivuji.

Ni karibu miezi miwili sasa. Nimekuandikia mara nyingi nikafuta. Habari zako nazipata kwa baba mdogo Frederick, ambaye hunitumia sauti ndefu kuliko mahubiri. Ndivyo nilivyojua kwamba aliamua kuchimba kwake mwenyewe, akisema Wajerumani hawawezi kuwa walizika upande mmoja tu wa uzio, akakata bomba la maji la kijiji kizima. Anasema watu hawamsalimii. Anasema pia wewe u mzima, unaimba kwaya, na kwamba jina langu likitajwa unaangalia ng'ombe.

Leo mjini hapa wamebeba sanamu za watakatifu mabegani, wakakimbia nazo kwenye ngazi mpaka uwanjani, watu wanalia na kupiga fataki. Mama Nunzia alinishika mkono wakati wote akidhani nitapotea. Ningependa ungeona.

Lipo jambo moja. Makumbusho wananiomba nibaki miaka miwili zaidi. Wamepata mfadhili wa kutengeneza upya vyumba vyote na wanataka nisimamie chumba cha makaburi. Natakiwa kujibu kabla ya Julai. Sijajibu. Siwezi kujibu jambo kubwa hivi wakati mama yangu anaangalia ng'ombe.

Mwanao,
Silantoi


Ngaramtoni, Jumapili 4 Mei 2025

Mwanangu Silantoi,

Marahaba. Pasaka ilikuwa njema. Mvua inanyesha bila adabu yoyote, paa linavuja pale pale linapovuja kila mwaka. Allen hana kinyongo, anasema sherehe yake ndiyo inayozungumzwa kuliko zote za usharika, na kalamu anayo.

Sikukasirika kwa sababu ya gari wala utepe. Kwaya wenyewe sasa wanalisimulia kwa kujivuna, na aliyekuwa amesimama karibu na shimo ndiye anayeheshimiwa. Nilikasirika kwa sababu nilikuwa nimekuambia jambo kama mama kwa mwanawe, ukalipeleka kwa wakubwa kama taarifa. Nikajiuliza, huyu mtoto huko aliko mimi ni nani wake? Mama, au mama mwenye mifupa? Hilo ndilo lililonikaa kooni.

Sasa nikueleze yaliyotokea, maana nimeyabeba peke yangu na yamenilemea.

Huyo Dokta Harleen ndiye yule mwenye kofia. Ni binti wa Kalasinga, babu yake alikuwa na karakana ya mbao mjini, na anaongea Kiswahili chetu cha Arusha mpaka unasahau kumwangalia. Siku ya kwanza sikumpa hata maji. Siku ya pili nikamwona amelala kifudifudi kwenye udongo, anamsafisha bibi meno kwa kibrashi kidogo, polepole, kama mtu anayempangusa mtoto aliyelala. Nikaenda kuchemsha chai.

Walikaa wiki kadhaa, yeye na wanafunzi wake. Niliwapikia loshoro yetu ya mahindi na mtindi, wawili wakaumwa tumbo, wengine wakaomba ya kupeleka nyumbani. Nilihamisha kigoda changu nikakaa nje ya utepe. Wakienda kula, mimi nabaki na bibi. Na Silantoi, nilikuwa naongea. Baba yako yuko milimani, wewe uko Ulaya, Allen ana simu. Nilimweleza mambo yote. Habari za upasuaji wangu. Habari za baba yako anavyokoroma. Sare mpya ya kwaya niliijaribu mbele yake, nikageuka aione na mgongoni. Mambo mengine hata wewe siwezi kukuandikia.

Mwisho wa Machi, kabla mvua hazijakaza, wakambeba. Waligandisha udongo kwa plasta, wakamtoa pamoja na kitanda chake, wakamfunga kama kioo cha kabati. Mzee Lemomo, aliyesema si wa ukoo wake, alikuja amevaa shuka nzuri. Akawaambia wale vijana, "Mbebeni taratibu, huyo ni mtu wa watu." Akaondoka bila kuaga. Ezra alitaka kuimba akashindwa.

Gari lilipoondoka nilirudi na ndoo ya maziwa, nikapita pale nikasema takwenya kwa mazoea, na palikuwa na maji ya mvua tu. Nikaingia ndani nitafute mtu wa kumwambia. Nikaona kwamba mtu wa kumwambia ni wewe, na bado nimekununia. Nikaendelea kununa kwa mwezi mzima kwa sababu nilishaanza.

Nimeacha sasa. Juu ya hiyo miaka miwili sijasema kitu. Niache nifikiri.

Yeyo wako


Montesarvo, 5 Mei 2025

Yeyo, Yeyo, Yeyo,

Shikamoo. Nimeona "Yeyo wako" pale mwisho nikaanza kusoma kutokea chini kwenda juu. Mama Nunzia alinikuta nalia ofisini akadhani kuna msiba. Nikamtafsiria barua yako yote, naye akalia, ila kwenye sare ya kwaya alicheka. Anauliza ina rangi gani.

Wewe ni mama yangu. Mama mwenye mifupa ni cheo tu.

Nilitamani ningekuwepo walipombeba. Fikiri kwa kadiri unavyotaka. Ukisema nirudi, narudi, na sitarudi nimenuna.

Mwanao,
Silantoi


Ngaramtoni, Jumapili 29 Juni 2025

Silantoi mwanangu,

Natumaini jua limekuja huko na soksi umevua. Sisi wazima. Baridi ya Juni imetushika, mlima hatujauona wiki nzima, umejifunika. Shimo la biogesi tumechimba upande wa pili wa zizi, jiko linawaka, na kuni nimemgawia Frederick. Maji ya kijiji yamerudi. Yeye shimo lake lilijaa maji, ameweka samaki, na sasa anasema hilo ndilo lilikuwa wazo lake tangu mwanzo. Ameanza kunisalimia kwa heshima, nami nanunua kwake.

Sare ni zambarau. Mwambie huyo mama.

Sasa kaa chini.

Ijumaa ya wiki mbili zilizopita Dokta Harleen alinipigia. Akaanza kwa kuuliza habari za nyumbani, mifugo, mpaka nikajua kuna jambo. Kisha akasema, "Mama Silantoi, tumemaliza kumsafisha nyonga. Bibi yetu ni mwanamume."

Nilikaa juu ya ndoo. Nikamuuliza ana hakika? Akasema ana hakika kabisa. Mtu mzima, wa kimo kifupi, aliyeishi maelfu ya miaka kabla ya hao Wajerumani. Nikamuuliza na shanga? Akasema, "Mama, wanaume wa kwenu hawavai shanga?" Nilikata simu.

Silantoi, nimemwamkia mwanamume kwa salamu ya wanawake kila asubuhi. Nimegeuka mgongo mbele yake aone sare. Nimemweleza habari za upasuaji, na ulikuwa upasuaji wa kike.

Baba yako alikuwa amerudi siku hiyo. Nilifikiri atanihurumia. Aliweka kikombe chini akasema, "Kwa hiyo mimi niko porini natafuta riziki, wewe umeweka mwanamume uani." Kisha nikamlalamikia kuhusu bakuli na jiwe la kusagia, kwamba ndivyo vilivyonidanganya. "Mke wangu," akasema, "mimi nimekulisha miaka hii yote kwa kazi gani? Huenda alikuwa mpishi wa safari." Amesimulia hilo kanisani, sokoni na kwa Frederick. Mchungaji alijifanya anakohoa.

Sikulala vizuri. Asubuhi nikavaa, nikapanda gari mpaka mjini, nikamwomba Dokta Harleen anifungulie. Wamempanga kwenye meza ndefu, juu ya kitambaa, kila mfupa mahali pake. Nilikuwa nimejiandaa kuona haya. Nikamsalimia upya, safari hii kwa salamu ya wanaume: "Papa, supai." Dokta Harleen akaniita karibu, akanionyesha taya la chini. Meno mawili ya mbele hayapo. Si kwamba yalianguka. Aling'olewa akiwa mtoto, kwa makusudi, na pakapona vizuri.

Unamkumbuka mama yake baba yako akicheka? Unakumbuka lile pengo? Dokta akasema wazi kwamba hilo halithibitishi kwamba ni wa damu yetu, watu wengi wa nchi hizi wamefanya hivyo tangu kale. Nikamwambia sikumwomba athibitishe. Nilitaka tu kuangalia. Kuna mtu alimshika huyu kichwa alipokuwa mtoto, akamwambia atulie, itauma kidogo.

Nikaomba niachwe naye. Nikamwambia, "Mzee, yale niliyokuambia yabaki hapa hapa."

Na sasa nikuambie sehemu moja ya hayo niliyomwambia, kwa sababu yeye hawezi kukuambia. Kila siku, nikimaliza habari za ng'ombe na za baba yako, nilikuwa nakushtaki wewe kwake. Kwamba umeniacha. Kwamba umekwenda kukaa na wafu wa watu wengine. Yeye hakujibu, na mtu asipokujibu unaanza kujisikia mwenyewe. Nikasikia kwamba silalamikii maisha yako, nalalamikia jioni zangu. Jioni zangu si kazi yako kuzijaza. Ni kazi ya aliyenioa, na nilimwambia hivyo jioni ile nilipotoka mjini, wazi, tukiwa tumekaa.

Kwa hiyo tia saini. Kaa miaka miwili, ufanye hicho chumba vizuri. Uje Desemba tukuone, na mimi mwakani nataka kuja kuona hao watakatifu wanaokimbizwa kwenye ngazi. Hapa kijiji kimeunda kamati ya kuamua mzee wetu akimaliza kuchunguzwa apelekwe wapi. Koo tatu sasa zinasema ni wao. Mwenyekiti wa kamati ni mimi, na nikikwama nitakuuliza, na ukiulizwa utanijibu mimi kwanza.

Baba yako ameacha safari ndefu. Amepata kazi hotelini Sekei, anarudi jioni. Shida ni kwamba hajui kupikia watu watatu. Jana tulikula supu kabla ya chakula, tena kila mtu na kijiko chake cha supu. Allen aliuliza kama kuna mgeni. Sasa hivi ananiita mezani, na amekunja karatasi ya kufutia mikono ikawa kama bata. Amesimama pembeni amevaa aproni nyeupe, anasubiri nikae.

Ngoja nikakae.

Yeyo wako